Mashine ya kukata majani iliyoondoka bila mtu: uchambuzi wa kisa kimoja cha Tabora

Mashine inayozungumzwa hapa ni ya kukalia, ya umeme mtupu. Ililetwa Tabora ikiwa imeshatumika nje ya nchi, ikapewa hosteli moja yenye viwanja vipana upande wa Ipuli. Kabla haijaletwa kwangu ilifanya jambo ambalo mashine yenye visu haitakiwi kulifanya hata mara moja. Mzee anayetunza viwanja alishuka kuondoa tawi la mwembe lililoanguka njiani, akaiacha imewashwa, na kabla hajalifikia lile tawi mashine ikaondoka kwa kasi yake yote, ikaenda kujichomeka kwenye ua wa michongoma. Visu alikuwa amevizima kwa swichi yake kabla hajashuka. Hiyo ndiyo sababu leo tunaongelea hitilafu ya umeme na si msiba.

Uongozi wa hosteli ulikuwa umekwisha kuambiwa kwamba kontrola, kifaa kinachoipimia mota umeme, imeharibika na inunuliwe mpya. Kontrola ilikuwa nzima. Mota ilikuwa nzima, na pedali ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni njia ya waya mmoja mweusi, na kilichoigeuza hitilafu hiyo kuwa hatari ni swichi moja iliyopigwa dairekti, yaani nyaya zake zimeungwa moja kwa moja na swichi yenyewe ikarukwa. Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu mpangilio huohuo wa nyaya tatu za mwendo umo kwenye pikipiki za umeme na maguta ya umeme yanayozidi kuingia mitaani kwetu, na fundi atakayeuelewa kwenye mashine ya majani ameuelewa kwenye hivyo vyote.

Mashine ilivyoundwa

Betri ni nne za volti 12, za asidi, zimeungwa mfululizo kutoa volti 48. Zikiwa zimejaa na zimepumzika, kila moja inasoma kama 12.7, jumla inakaribia 51. Mota moja inazungusha magurudumu ya nyuma kupitia giaboksi, mota mbili nyingine zinazungusha visu, kila kisu na mota yake. Si teknolojia ya jana: kampuni ya General Electric ya Marekani ilianza kuuza trekta ndogo za umeme za kukatia majani, Elec-Trak, mwaka 1969, zikitumia betri sita za volti 6.

Pedali ziko mbili. Ya kushoto ni breki, nayo ina mikroswichi, yaani swichi ndogo, inayokata amri ya mwendo pale inapokanyagwa. Ya kulia ni ya mwendo. Mbele na nyuma huchaguliwa kwa swichi iliyo karibu na usukani.

Hapa pana jambo ambalo fundi aliyezoea injini ya petroli lazima alishike. Kwenye gari la zamani pedali inavuta kebo, kebo inafungua njia ya hewa, na ukiiachia, springi inarudisha kila kitu. Kwenye mashine hii pedali haivuti chochote. Wala umeme mkubwa wa mota haupiti kwenye pedali. Pedali inatuma taarifa tu, volti ndogo kupitia waya mwembamba, na kontrola ndiyo inayoamua mota ipewe umeme kiasi gani kutokana na taarifa hiyo. Springi ya pedali inaweza kuwa nzuri kabisa, pedali imesimama juu kabisa, na bado kontrola ikaamini kwamba mguu umekanyaga hadi chini, endapo waya utaiambia hivyo.

Taarifa hiyo inatoka kwenye sensa (kihisio) ya Hall, iliyopewa jina la Edwin Hall, Mmarekani aliyegundua mwaka 1879 jinsi sumaku inavyoathiri umeme unaopita kwenye kipande cha metali. Ndani ya pedali kuna kisumaku kinachozunguka mbele ya sensa. Hakuna vinavyosuguana, kwa hiyo sensa hizi hudumu. Zina nyaya tatu: mwekundu unaleta volti 5 kutoka kwenye kontrola, mweusi unarudi hasi, wa kijani unapeleka taarifa. Pedali ikiwa juu, wa kijani unasoma kama volti 0.8. Ikikanyagwa hadi mwisho, kama 4.2. Kontrola hii huanza kusukuma mota taarifa ikishapita volti 1.1 hivi.

Kuna pia ulinzi. Chini ya kiti kuna swichi: mtu asipokaa, kontakta kubwa, yaani swichi ya sumaku inayopitisha umeme mkubwa, inaachia, umeme wa mwendo na wa visu unakatika. Kontrola nayo ina kinga yake: ikiwashwa ikakuta volti ya taarifa ya pedali iko juu, kana kwamba pedali imekanyagwa, inakataa kazi mpaka izimwe na kuwashwa upya pedali ikiwa imeachiwa. Kinga hii ni nzuri sana, ila inaangalia wakati wa kuwashwa tu. Mashine ikishakuwa hai, taarifa ikipanda ghafla, kontrola inaitii.

Maneno ya mwendeshaji

Mafundi wengi tunapokea mashine kutoka kwa bosi na kumwacha anayeikalia kila siku. Nilianza na mzee mwenyewe. Baada ya shikamoo na marahaba, nilimwomba anieleze tabia ya mashine tangu mwanzo, na si siku ile ya ua peke yake.

"Fundi, ikipita kwenye mizizi ya mwembe inashtuka," alisema. "Inashtuka kama kuna mtu mwingine amekanyaga. Halafu inakufa. Nikizima funguo nikawasha tena, inapona."

"Ilikuwa inakufa kila ikishtuka, mzee?"

"Karibu kila mara. Hadi alipokuja fundi yule akaunga nyaya za kiti. Tangu hapo haifi tena, lakini kushtuka ndiyo kumezidi. Na mvua ikinyesha, asubuhi yake inatambaa yenyewe taratibu, hata sijakanyaga."

Hitilafu nzima imo humo ndani. Tabia tatu: kushtuka kwenye matuta, kufa na kupona kwa funguo, kutambaa siku ya unyevu. Anayezichukua kama matatizo matatu atabadilisha vipuri vitatu.

Fundi aliyetangulia hakuwa mjinga, na sipendi asemwe hivyo. Mzee ni mwembamba, na mizizi ya miembe ya Tabora inainua ardhi hadi mashine inaruka. Mwili ukinyanyuka, swichi ya kiti inafunguka, kontakta inaachia, mashine inazima. Hadi hapo alikuwa sahihi. Alichokikosa ni swali linalofuata: mbona hairudi yenyewe mzee akishatua kitini? Hairudi kwa sababu umeme ukirejea, kontrola inakuta taarifa ya pedali iko juu, inakataa. Kule kufa kulikuwa ni ulinzi mara mbili, kiti kikikata na kontrola ikikataa kurejea. Alipounga nyaya za kiti aliondoa kufa, akaacha kushtuka. Akaondoa pia kitu pekee ambacho kingeisimamisha mashine siku mzee aliposhuka.

Vipimo

Kazi ya kwanza ilikuwa kuinua magurudumu ya nyuma kwa jeki na kuyaweka kwenye vigogo vya mninga, kisha kuchomoa plagi za mota za visu. Sitaki kusikia fundi yeyote anayepima pedali ya umeme magurudumu yakiwa chini, hata kama kiwanja ni kipana. Saa na pete vilivuliwa pia: volti 48 haziogopeshi kwa kushtua, lakini spana au pete ikigusa ncha mbili za betri inayeyuka ikiwa kidoleni.

Dairekti ya kiti iliondolewa kabla ya kupima chochote. Hitilafu haichunguzwi kupitia kiraka.

Betri zilipita bila neno, isipokuwa ya tatu ilikuwa ikishuka kuliko wenzake mota inapovuta. Nikaiandika pembeni. Kontakta ilikuwa inabana vizuri. Fyuzi kuu nzima.

Kwenye pedali, ncha nyeusi ya mita niliiweka kwenye hasi ya kontrola, nyekundu kwenye waya wa kijani. Pedali juu: 0.8. Nikakanyaga polepole hadi chini: ikapanda bila kuruka hadi 4.1, ikashuka vilevile. Fundi mwenye haraka angefunga hapo na kusema pedali nzima, basi ni kontrola. Nadhani ndivyo ilivyosemwa.

Mashine hii ilikuwa inashtuka ikitikiswa, kwa hiyo ilibidi itikiswe. Mita ikiwa palepale, pedali ikiwa juu, mzigo ukiwa kitini ili swichi ya kiti ibaki imebonyezwa, nilisimama kwenye bati la kuwekea miguu na kushuka. Bati lilipoachia uzito, mita ikaruka hadi 4.9 na magurudumu yakazunguka hewani kwa kasi yote. Nikakanyaga bati tena, ikarudi 0.8. Siku ya ua ilikuwa imejirudia mbele ya macho ya mzee: alishuka, bati likanyanyuka, mashine ikaondoka.

Mahali pa kuweka ncha nyeusi ya mita ndipo mafundi wengi wanapopotea, hivyo nitakaa hapo kidogo. Wakati bati liko juu na hitilafu ipo, nilihamisha ncha nyeusi kutoka kwenye hasi ya kontrola na kuigusisha kwenye waya mweusi wa pedali yenyewe. Kati ya mweusi na mwekundu, ambako kunatakiwa kuwe na volti 5, mita ilisoma karibu sifuri. Kati ya mweusi na kijani, karibu sifuri pia. Ukipima hivyo utaapa kwamba pedali haipati umeme na haitoi chochote, ilhali kontrola wakati huohuo inaona karibu volti 5. Ni sawa na kupima kupanda kwa maji ya ziwa ukiwa umekaa ndani ya mtumbwi: maji yakipanda, nawe umepanda nayo. Waya mweusi uliopoteza hasi hauko tena kwenye sifuri, unaelea, na kipimo chochote kinachoanzia hapo ni cha uongo. Pima kila mara kutoka kwenye hasi ya kontrola.

Waya gani ukikatika, nini kinatokea

Ukikatika waya mwekundu, sensa haina umeme, taarifa inashuka sifuri, mashine inasimama. Ukikatika wa kijani, kontrola haipati taarifa, na kwa kuwa ndani yake kuna rizista inayovuta taarifa chini, inaona sifuri, mashine inasimama. Hizo mbili ni hitilafu zenye huruma.

Ukikatika mweusi, sensa bado inapata volti 5 upande wa juu lakini haina pa kurudishia. Umeme unatafuta njia nyingine, nayo ni kupitia ndani ya sensa hadi kwenye waya wa kijani. Taarifa inapanda hadi karibu na 5. Kontrola zilizo makini zinaona volti iliyozidi kikomo cha juu cha pedali na kuhesabu kwamba waya umekatika, zinazima. Hii, kama nyingi za bei nafuu, inahesabu kwamba mguu umekanyaga kwa nguvu sana.

Na si lazima ukatike kabisa. Sensa ya namna hii inavuta takriban miliampia 6. Tuseme kutu imeweka ukinzani wa omu 100 tu kwenye njia ya mweusi: miliampia 6 mara omu 100 ni volti 0.6. Hasi ya sensa imeinuliwa kwa 0.6, na taarifa inainuka nayo, pungufu kidogo tu kwa kuwa sensa sasa inapata volti 4.4 badala ya 5. Pedali iko juu, kontrola inasoma kama 1.3 badala ya 0.8. Imepita 1.1, mashine inatambaa. Hiyo ndiyo asubuhi ya mvua aliyoieleza mzee.

Chanzo kilikuwa chini ya bati la miguu. Waya mweusi wa asili ulikuwa umekatika zamani karibu na bawaba ya pedali, pale ambapo nyaya zilifungwa kwa kubana mno, hivyo kila mkanyago ulikuwa unakunja sehemu ileile. Mtu fulani, huenda hata kabla mashine haijaja Tanzania, aliuendeleza kwa kusokota na kuufunga kwenye bolti ya bodi, kwa kuwa bodi ya mashine hii imeungwa na hasi. Bolti hiyo ndiyo pia inashika bati la miguu. Juu yake kuna rangi, chini yake majani mabichi yaliyosagwa yanakusanyika na kukaa na maji kuanzia Novemba hadi Aprili. Kutu ilikuwa imekula hadi nati. Kwa hiyo hasi ya pedali, kitu kinachoamua kasi ya mashine yenye visu, ilikuwa inategemea uzito wa miguu ya mwendeshaji.

Matengenezo

Waya mpya wa nyuzi tatu, laini, ulitoka kwenye kontrola moja kwa moja hadi kwenye pedali. Mweusi haugusi bodi mahali popote. Maungio yalilehemiwa na kuvikwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Kwenye bawaba nyaya ziliachiwa kitanzi ili mkunjo ugawanyike kwenye urefu, na kifungo cha plastiki kikawekwa mbali na bawaba. Hiyo ndiyo tiba, na ingetosha kuiendesha mashine.

Mimi sikuona kwamba inatosha kuirudisha kwa mzee. Kontrola ni ileile isiyojua waya uliokatika na mguu uliokanyaga. Kwa hiyo niliiongezea pedali shahidi wa pili: mikroswichi ya miguu mitatu, iliyofungwa ili ibonyezwe mara tu pedali inapoanza kushuka. Mguu wa katikati unaenda kwenye ingizo la taarifa la kontrola. Pedali ikiwa juu, mguu huo umegusana na hasi. Pedali ikishuka, unahama na kugusana na waya wa kijani wa sensa. Maana yake, pedali ikiwa juu kontrola inasoma sifuri hata sensa ikipiga kelele ya volti 5. Forklifti za umeme na magari ya gofu yamekuwa na swichi kama hii kwenye pedali kwa miaka mingi, haikuwa ubunifu wangu.

Jambo moja hapo ni la lazima. Hasi ya mikroswichi ije na waya wake mwenyewe kutoka kwenye kontrola. Ukiichukua kwenye mweusi wa sensa kwa kuwa uko karibu, siku mweusi ukikatika mashahidi wote wawili wanasema uongo pamoja, na kazi yako yote ni bure.

Swichi ya kiti ilirudishwa kwenye njia yake. Kuhusu uzito wa mzee, kibano kilichoishika kilikuwa kimepinda, swichi ikawa inabonyezwa kidogo tu. Kikanyooshwa, na sasa mruko mdogo haufungui. Mruko mkubwa bado unazima mashine, na niliukataa ushauri wa kuuzuia. Kwenye mzizi mkubwa apite taratibu.

Waya, swichi, mpira na kazi, vyote pamoja havikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya kontrola waliyokuwa wanataka kuagiza Dar es Salaam.

Majaribio ya kuikubali

Mashine ikiwa bado kwenye vigogo, tulichomoa kwa makusudi waya mmoja mmoja, msimamizi wa hosteli na mzee wakiangalia. Mwekundu: magurudumu kimya. Kijani: kimya. Mweusi, pedali ikiwa juu: kimya, ingawa mita kwenye sensa ilionyesha 4.9. Mweusi, pedali ikiwa imekanyagwa robo tu: magurudumu yaliruka hadi kasi kamili, na mguu ulipoachia yakasimama.

Hilo la mwisho niliwaambia bila kulificha, maana bado lipo. Waya mweusi ukikatika katikati ya mwendo, mashine itaongeza kasi. Tofauti ni kwamba sasa kuachia pedali kunaisimamisha, kukanyaga breki kunaikata, na kuinuka kitini kunaizima pamoja na visu. Kuondoa hata hiyo ongezeko la kasi kunahitaji kontrola inayotambua waya uliokatika. Siku hii ikifa kweli, hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya kuulizia dukani, kabla ya ampia na kabla ya bei.

Kisha mzee alipanda, tukaishusha chini visu vikiwa vimechomolewa, akaipitisha kwenye mizizi ya mwembe uleule mara nyingi alivyotaka. Baadaye visu vikaungwa, akakata kiwanja cha mbele chote.

Chini ya kiti kumebandikwa mchoro wa nyaya wenye rangi zake, ndani ya mfuko wa nailoni, ili fundi atakayefuata asianze na kukisia. Mzee amepewa ukaguzi wa kila asubuhi: awashe akiwa amekaa, mguu ukiwa mbali na pedali, asikilize kama mota ya mwendo inaguna, kisha ainuke kidogo na asikie kontakta ikiachia. Mlio huo usipokuja, mashine haitoki bandani.

Imebaki betri ya tatu. Nimewashauri wasiinunue peke yake, kwa kuwa betri mpya iliyowekwa kwenye mstari na kuukuu huchoka haraka kwa kuchajiwa vibaya. Zibadilishwe nne kwa pamoja, na kwa kuwa majani ya kiangazi ni machache, zinaweza kusubiri mpaka karibu na mvua za Novemba.